Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio baada ya upasuaji: namna ya kuepuka kiharusi

Mgonjwa kutoka Kata ya Soitsambu, Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, anayefanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, hurejea nyumbani akiwa mamia ya kilomita kutoka kwa wataalamu waliomhudumia. Usalama wake katika wiki zinazofuata huwa mikononi mwake na mwa familia yake.

Katika upasuaji huo, mshipa wa mguuni au kifuani huunganishwa ili damu ipite kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Hata hivyo, kati ya asilimia 20 na 40 ya wagonjwa hupata mapigo yasiyo na mpangilio, aghalabu kati ya siku ya pili na ya nne. Chemba za juu za moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama humo huweza kuganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo husababisha kiharusi.

Kinga huanza hospitalini. Madaktari hutoa dawa za kutuliza mapigo, hurekebisha potasiamu na magnesiamu mwilini na, kwa walio katika hatari kubwa, hutoa dawa za kuzuia damu kuganda.

Nyumbani, mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa sababu tu anajisikia vyema. Anayetumia wafarini huhitaji kupimwa damu mara kwa mara: dozi ikipungua damu huganda, ikizidi huvuja. Mizizi na magome yanayochemshwa kwenye supu yanaweza kubadili nguvu ya dawa hiyo, hivyo daktari aelezwe kabla ya kuyatumia. Shinikizo la damu na kisukari vidhibitiwe, na tumbaku, ukiwemo ugoro, iachwe.

Mapigo yahesabiwe kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, mgonjwa akiwa amepumzika. Yakizidi 100 au yakirukaruka, aende kituo cha afya.

Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au kauli ikikwama ghafla, mgonjwa akimbizwe Hospitali ya Wasso bila kusubiri kupambazuke. Familia ikumbuke saa dalili zilipoanza, kwani daktari huamua tiba kwa kuzingatia muda huo.