Je, Wajua? Mwana wa Mumias na Mikondo ya Sanaa

Je, wajua kwamba…

• Mnara wa Uhuru ulioko Kampala ni kazi ya Mkenya? Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, Kakamega, aliuunda mwaka 1962. Chukua noti ya Uganda ya toleo la 2010 uitazame vizuri, utauona mnara huo: mama aliyezungushiwa mikanda mwilini anamwinua mtoto juu, naye mtoto amenyoosha mikono.

• Maloba alifunzwa na mwalimu aliyeanza kufundisha sanaa barazani? Margaret Trowell alianzisha masomo hayo mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, Makerere. Ingawa alisomea shule ya sanaa ya Slade, London, hakutaka wanafunzi waige Wazungu. Aliwasimulia kisa, kila mmoja akachora alichokiona akilini.

• Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuiga Afrika? Kabla ya hapo, tangu enzi ya Renesansi, wachoraji wake walikuwa wakijitahidi kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona. Kisha mwaka 1874 mchoraji Claude Monet na wenzake walileta mkondo mpya: walifanya maonyesho yao ya kwanza Paris, wakithamini mwanga unaobadilika kuliko mistari iliyo dhahiri.

• Vinyago vyetu viliusukuma mkondo uliofuata? Mwaka 1907 mchoraji Pablo Picasso alitazama vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Paris, akawachora wanawake wawili wa mchoro wake *Les Demoiselles d'Avignon* kwa nyuso za kinyago. Muda si muda, yeye na Georges Braque wakaanzisha Kyubizimu, mtindo wa kuonyesha kitu kimoja kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja.