Ubao wa Vitasa

Kijana wa Migosi, Kisumu, apendaye kujipumbaza kwa kufungua kitasa bila ufunguo, haanzi na mlango wa kwao. Kikikwama usiku, watu watalala nje! Huanza na ubao, vitasa vikuukuu vitatu akavikaza kwa skrubu. Ndani mna pini na springi, mpango aliousajili Mmarekani Linus Yale Jr. mwaka 1861, Misri zamani pini zilikuwa za mbao. Cha kwanza hukibakisha pini moja, cha pili mbili, cha tatu zote. Kijichuma kimoja huzungusha taratibu, kingine huinua pini mpaka ilie "tik". Wengi hukaza mno. Pini hukwama, nao hulaumu kitasa.

Na kitasa cha jirani je? Hicho ni amana, hakiguswi ila kwa idhini yake. A. C. Hobbs alipoifungua kufuli mashuhuri ya Bramah mjini London mwaka 1851, kwa siku 16, wenyewe walikuwa wameridhia.