"Gari Limekosa Nguvu": Lugha ya Dalili katika Uchunguzi wa Injini ya Dizeli

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna upungufu wa nguvu katika gari la dizeli unavyochunguzwa, na yanaonesha kwamba hatua ya kwanza ya uchunguzi huo ni ya kilugha: dereva hueleza, fundi husikiliza. Hoja yetu ni kwamba maneno machache yenye maana pana, hususan nguvu, hewa na mafuta, yanaweza kumpeleka fundi kwenye kifaa kisicho na kasoro. Mwishoni tunatoa mapendekezo kwa wanaistilahi na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Tangu Februari 2021, Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjadala kuhusu utekelezaji wa uamuzi huo umeelekea zaidi kwenye vikao na nyaraka. Hata hivyo, lugha hii ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka zamani kwa njia ya barabara. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala kupitia Malaba, au Dar es Salaam kwenda Kigali kupitia Rusumo, likiharibika njiani, dereva hulazimika kujieleza kwa fundi asiyemjua katika nchi isiyo yake. Mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Wakielewana, lori huondoka. Wasipoelewana, mwenye gari hulipia kipuri kisichohitajika, na kasoro hubaki palepale.

2. Injini ya dizeli inavyopata nguvu

Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haiwashwi kwa cheche ya plagi. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda kwa uwiano wa takribani 14 hadi 22 kwa 1, ikapata joto kali kiasi kwamba dizeli inaponyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo, nguvu ya injini hutegemea mambo manne: hewa ya kutosha, mafuta safi yanayofika kwa kiasi na wakati wake, mgandamizo mzuri, na njia wazi ya kutolea moshi. Katika magari ya kisasa huongezeka jambo la tano, yaani kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo inapopokea taarifa isiyo ya kawaida kutoka kwenye vihisio, inaweza kupunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini.

3. Maneno yanayopotosha

Neno la kwanza ni nguvu. Dereva anaposema "gari halina nguvu" au "halivuti", anaweza kuwa anaeleza matatizo mawili yaliyo tofauti kabisa. Ikiwa mlio wa injini unapanda lakini mwendo hauongezeki, huenda injini ni nzima na klachi ndiyo inayoteleza. Ikiwa injini yenyewe haipandi hata kanyagio likikandamizwa hadi mwisho, hapo ndipo tunapozungumzia upungufu wa nguvu za injini. Gari linalopata joto kali kwenye gurudumu baada ya safari fupi nalo huenda linashikwa na breki zake lenyewe.

Neno la pili ni hewa. "Gari lina tatizo la hewa" ni kauli yenye maana mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, injini inakosa hewa inayoihitaji, kwa mfano kwa sababu chujio la hewa limeziba. Kwa upande mwingine, hewa imeingia mahali isipotakiwa, yaani kwenye bomba la dizeli, na pampu inashindwa kusukuma mafuta sawasawa. Tiba ya kasoro ya kwanza haina msaada wowote kwa ya pili.

Neno la tatu ni mafuta. Katika matumizi ya kila siku, neno hili hubeba dizeli, oili na hata grisi. "Gari linakula mafuta" inaweza kumaanisha kwamba dizeli inatumika kupita kiasi, au kwamba oili inapungua kwa kuungua ndani ya silinda. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Aidha, dereva akivuka kuingia Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo, atakuta dizeli ikiitwa mazutu. Neno hilo halina utata wowote kwa wenyeji, lakini halijulikani kwa wengi wa pwani.

4. Mpangilio wa uchunguzi

Kanuni ya msingi ni kuanza na kinachoonekana na kisicho na gharama. Moshi ndio shahidi wa kwanza. Moshi mweusi unaonesha kwamba mafuta yamezidi hewa iliyopo: chujio la hewa limeziba, bomba kati ya tabo na injini limepasuka, au nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa samawati unaashiria oili inayoungua, aghalabu kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za tabo kuchakaa. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto huonesha dizeli isiyoungua vizuri au maji ya kupozea yanayovuja ndani. Gari likikosa nguvu bila moshi wa kuonekana, mashaka yaelekezwe kwenye chujio la dizeli, maji ndani ya mafuta, bomba linaloingiza hewa, ekzosi iliyoziba, au kompyuta iliyopunguza nguvu.

Baada ya moshi hufuata maswali. Nguvu zilipotea ghafla au kidogo kidogo? Kupotea ghafla huashiria bomba lililochomoka au kihisio kilichokufa. Kupotea taratibu huashiria kuziba au kuchakaa. Je, ilitokea baada ya kujaza dizeli kituo fulani? Je, hutokea mlimani tu? Swali la mwisho lina uzito katika ukanda wetu. Jiji la Nairobi liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 15. Injini isiyo na tabo itapungukiwa nguvu huko bila kuwa mbovu.

Baada ya hapo ndipo fundi akague vichujio, amwage maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, apapase mabomba, na kusoma kompyuta. Kupima mgandamizo, kufungua pampu na kubadili nozeli ni hatua za mwisho kwa kuwa zina gharama kubwa. Hata jibu la kompyuta huhitaji tafsiri: ujumbe kwamba msukumo wa tabo ni mdogo hauthibitishi kwamba tabo imekufa, kwani bomba lililopasuka hutoa ujumbe huohuo.

5. Mapendekezo

Kwanza, wanaistilahi wayapokee maneno yaliyokwisha kukubalika gereji, kama vile nozeli, ringi, gasketi na klachi, badala ya kuyabuni upya. Pili, juhudi za usanifishaji zielekezwe kwenye utata wa maana: dizeli itofautishwe na oili, na kukosa hewa kutofautishwe na kuingiza hewa. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na vyuo vya ufundi, iandae karatasi moja ya dalili kwa ajili ya madereva wa masafa marefu, ikiorodhesha rangi za moshi, maswali ya msingi na visawe vya kikanda kama mazutu.

6. Hitimisho

Upungufu wa nguvu si ugonjwa, bali ni dalili inayotokana na kasoro nyingi. Fundi hodari huitenga kasoro moja na nyingine kwa kuuliza kabla ya kufungua. Lugha rasmi ya Jumuiya itakuwa imeanza kutimiza wajibu wake pale dereva aliyekwama usiku karibu na mpaka atakapoeleza tatizo lake mara moja, akaeleweka, na akaendelea na safari bila kununua pampu ambayo gari lake halikuihitaji.