Albumini ya Ng'ombe na Maana ya Neno «Safi»

Damu ikiganda hutoa majimaji ya manjano yaitwayo seramu. Zaidi ya nusu ya protini zilizomo ni ya aina moja, yaani albumini. Jina hilo lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya ute wa yai. Hata hivyo protini ya damu siyo ile ya yai, ingawa wanafunzi huzichanganya mara nyingi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Edwin Cohn wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alibuni njia ya kutenganisha protini za damu kwa alkoholi baridi. Kiasi cha alkoholi, chumvi na asidi kikibadilishwa hatua kwa hatua, kila protini hutuama kwa zamu yake. Albumini ilipatikana katika fungu la tano, na hadi leo chupa nyingi huandikwa jina hilo, hata zile zilizotayarishwa kwa njia ya joto. Ilitumainiwa kwamba albumini ya ng'ombe ingewafaa askari waliopoteza damu. Mwaka 1942 ilijaribiwa kwa wafungwa huko Massachusetts. Baadhi yao waliugua na mmoja akafa, kwa kuwa mwili hupambana na protini ngeni. Askari wakaendelea kupewa albumini ya binadamu.

Kilichoshindikana hospitalini kilifaa maabarani. Protini nyingi hunata kwenye plastiki. Katika vipimo vya kingamwili, albumini hutangulia kuzijaza nafasi tupu, ili kingamwili zisishike mahali pasipotakiwa. Tena hutumika kama kielelezo cha kupimia wingi wa protini nyingine.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Kazi ya albumini katika damu ni uchukuzi: hubeba asidi za mafuta, homoni na madini, na mzigo huo huingia nayo chupani. Lebo isemayo asilimia 98 hulinganisha albumini na protini nyingine tu, mafuta hayahesabiwi. Mtafiti akiitia kwenye seli hai, aweza kuisifu dawa yake kwa athari iliyoletwa na mafuta hayo. Kwa hiyo huna budi kuwepo chombo cha ulinganisho chenye albumini bila dawa, au kutumika albumini iliyoondolewa mafuta kwa makaa katika asidi.

Tangu Uingereza ilipotangaza mwaka 1996 kwamba ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe huenda umewafikia watu, wanunuzi huuliza pia nchi alikotoka mnyama.