Kompyuta zatafuta kufuli ya dawa

Dawa inapoingia mwilini haitibu popote ifikapo. Hulazimika kwanza kushikana na mahali maalumu, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye protini.

Kila protini ina umbo lake, lenye mikunjo na mashimo. Dawa huingia humo mithili ya ufunguo katika kufuli. Aspirini, kwa mfano, hutuliza maumivu kwa kuzuia protini zinazosaidia kutengeneza kemikali za maumivu na uvimbe.

Zamani umbo hilo lilijulikana kwa kazi ngumu ya maabara pekee. Mwaka 1958, John Kendrew na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walionyesha umbo la protini kwa mara ya kwanza, wakitumia miale ya eksirei.

Mashine yajifunza

Siku hizi kompyuta hufundishwa kwa mifano. Huonyeshwa maelfu ya protini zilizokwisha kupimwa, pamoja na molekuli zilizoshikana nazo. Hukisia, husahihishwa, kisha hukisia tena, hadi iweze kukadiria umbo la protini ambayo haijapata kuiona.

Programu ya AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilidhihirisha uwezo huo mwaka 2020. Toleo lake la tatu, lililotangazwa Mei 2024, hukadiria pia namna protini inavyoshikana na molekuli ndogo kama zile za dawa. Mwaka huohuo Demis Hassabis na John Jumper walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kukadiria maumbo ya protini.

Ufunguo mmoja, milango mingi

Hata hivyo, makadirio si tiba. Protini hujipinda na kubadilika, ilhali kompyuta aghalabu hutoa picha iliyotulia. Tena programu hizi huweza kukosea zinapokutana na molekuli zisizofanana na zile zilizojifunza.

Aspirini yenyewe ni funzo. Moja ya protini inazozizuia ndiyo inayosaidia kulinda ukuta wa tumbo, na ndiyo sababu dawa hiyo huweza kusababisha vidonda vya tumbo.

Kwa hiyo kompyuta inaweza kupunguza idadi ya funguo za kujaribiwa, na hivyo kuokoa muda na fedha. Lakini usalama wa dawa bado huamuliwa na majaribio ya maabara, na hatimaye ya binadamu.