Jicho la Mkiani

Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ulitanguliwa na kirangozi. Ndiye aliyeijua njia, ndiye aliyebeba bendera, na mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Lakini kirangozi huyo huyo hakuuona msafara wake. Njia ilikuwa ya mguu, upana wa mtu mmoja. Watu 500 wakifuatana kwa nafasi ya mita mbili mbili hufanya mkia wa kilomita nzima, unaopotelea ndani ya miombo. Ndiyo maana mkubwa wa msafara mara nyingi alitembea mwisho kabisa. Aliyechoka, aliyetua mzigo wake wa frasila mbili, aliyechepuka porini asirudi tena, wote hao walihitaji jicho la nyuma, kwa kuwa la mbele lilikuwa na kazi yake. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh ya Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne, na kila siku mkia ulikuwa na wa kuuchunga.

Leo mkia wa Tabora ni wa lori, na mchungaji wake ni utingo. Nenda palipo na ghala, iwe la tumbaku au la mahindi, ulitazame lori linapoingizwa kinyumenyume. Utingo anaruka chini kabla gari halijasimama, anazunguka nyuma, anapiga bodi kwa kiganja. “Njoo! Njoo! Njoo! Kata kulia! Nyoosha! Njoo... hapo hapo!” Dereva haoni chochote zaidi ya vioo viwili vya pembeni na mkono unaopunga. Ni mfumo mzuri. Hautumii umeme, unafanya kazi gizani, na unaweza kumtukana mwenye baiskeli aliyeegesha vibaya.

Gari-nyumba halina utingo. Nazungumzia yale magari ya wageni yanayokatiza magharibi ya nchi, mengine yakiwa malori kamili yaliyofungwa chumba juu ya chasi: kitanda, jiko, choo, tangi la maji. Ndani mna mtu na mkewe basi, na mara nyingi mmoja amelala. Wazungu wana nyumba nyingine ya kuvutwa nyuma ya gari ambayo Waingereza huiita kwa neno lile lile la msafara, neno la Kiajemi lililosafiri hadi Ulaya. Tabora imekuwa ikipokea misafara tangu kabla nyumba hizo hazijapata magurudumu.

Sasa mfikirie dereva wa gari-nyumba amefika Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ameshatazama, anataka kugeuza. Nyuma yake ni ukuta mtupu wa chumba. Kioo cha ndani kinamwonyesha kabati la vyombo. Watoto wamekuja kulishangaa gari. Hapo ndipo kamera ya nyuma inapoacha kuwa urembo.

Tusidhani tatizo ni la magari makubwa peke yake. Chukua gari dogo la familia. Tuseme jicho la dereva liko mita 1.2 kutoka ardhini, na ukingo wa chini wa kioo cha nyuma uko mita 1 kutoka ardhini, mita 2.5 nyuma ya jicho hilo. Mstari wa kuona unashuka sentimita 20 katika kila mita 2.5. Ukiuendeleza nyuma ya gari, unagusa ardhi mita 12.5 kutoka kwenye kioo. Mtoto aliyechuchumaa kuokota embe, urefu wake sentimita 60, haonekani kabisa mpaka awe umbali wa mita 5. Hapo kioo ni safi na dereva ni makini. Hesabu ndiyo inayomficha mtoto.

Marekani walihesabu kwa njia nyingine, ya kusikitisha zaidi. Mamlaka yao ya usalama barabarani ilikadiria kuwa magari yanayorudi nyuma huua watu wapatao 210 kwa mwaka na kujeruhi 15,000, na karibu theluthi ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Sheria iliyosainiwa mwaka 2008 ilipewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na gari la baba yake mwenyewe. Tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa huko lazima lionyeshe eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 hivi, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza gia. Japani nao walianza kulazimisha mwaka 2022 kwa magari ya miundo mipya.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1956 Buick walionyesha gari la maonyesho, Centurion, lililokuwa na kamera ya televisheni mkiani badala ya kioo. Halikuuzwa, kamera za wakati ule hazikuwa za kubeba kwenye bampa. Toyota ndio walioiweka kwenye gari la dukani, Soarer ya mwaka 1991, kwa soko la Japani. Kilichoishusha bei ni kamera ya chipu moja, iliyoendelezwa miaka ya 1990 na Eric Fossum na wenzake katika maabara ya NASA huko California, waliotafuta kamera ndogo ya vyombo vya angani. Ndugu wa chipu hiyo yuko kwenye simu yako, na yuko juu ya pleti namba ya Noah iliyopaki sokoni.

Lakini kamera ya nyuma si kamera ya simu iliyogeuzwa. Jaribu hili. Simama mwembe ukiwa upande wa mkono wako wa kushoto, kisha geuka utazame nyuma. Mwembe sasa uko kulia. Kamera inayotazama nyuma inaona hivyo hivyo, na kama skrini ingeonyesha picha ilivyo, dereva angekata usukani kuukimbia mwembe na kuufuata. Kwa hiyo kamera hupindua picha, kushoto ikawa kulia, ili ifanane na kioo ambacho macho yetu yamekizoea. Njia ya kupima ni rahisi: tazama kwenye skrini maandishi ya gari lililo nyuma yako. Yakisomeka vizuri, kamera yako imefungwa vibaya. Kamera nyingi za bei nafuu hutengenezwa zitumike mbele au nyuma, na huja na vitanzi viwili vidogo vya waya: kimoja ukikikata picha inapinduka, kingine mistari ya rangi inatoweka. Fundi asiyesoma karatasi iliyomo kwenye boksi hukata au huacha kisivyo, akamkabidhi mteja gari linalodanganya.

Mistari hiyo nayo ina mambo. Kijani, njano, nyekundu. Watu huiamini kama rula. Kumbe imechorwa kwa dhana moja: kwamba ardhi nyuma ya gari ni tambarare kabisa. Nyuma pakiwa na mwinuko, kitu kilicho karibu huonekana kiko mbali. Pakiwa na mteremko, kilicho mbali huonekana karibu. Na mistari hupima ardhi tu. Lori lililobeba nondo zilizochomoza nyuma litaonyesha matairi yake salama kwenye mstari wa kijani, wakati nondo zenyewe ziko sentimita 30 kutoka kwenye kioo chako. Ongeza na lenzi yenyewe, pana kiasi cha kuona nyuzi 120, 150 au zaidi, inayopinda kingo na kuvifanya vitu vya katikati vionekane vidogo na vya mbali. Upana huo ni wa lazima, vinginevyo mtoto wa pembeni haonekani.

Kuna na jambo la juu. Gari-nyumba lenye kimo cha mita 3.5 halina ugomvi sana na vitu vya chini Tabora. Ugomvi wake ni miembe. Miembe mikongwe ya Unyanyembe hutandaza matawi pale pale paa linapopita, na kamera iliyoinamishwa chini kuwaangalia watoto haioni tawi. Ndiyo maana wenye magari haya hufunga kamera juu kabisa, karibu na paa. Kutoka juu inaona bampa yake yenyewe, inakadiria umbali vizuri zaidi, na ikiinuliwa kidogo itaona na tawi lililo nyuma. Wapo wanaofunga mbili. Sioni kama ni anasa.

Sasa kazi ya fundi. Umeme wake si wa ajabu: ukiingiza rivasi, taa nyeupe ya nyuma inawaka, na kamera hunyonya umeme kwenye waya wa taa hiyo hiyo. Waya mwingine mwembamba unakwenda mbele kuiambia skrini iwake. Mwenye gari-nyumba mara nyingi hutaka kamera iwake safari nzima, iwe badala ya kioo cha ndani kisichomsaidia, aone bodaboda anayetaka kupita. Huyo umeme wake uchukuliwe kwenye swichi, kupitia fyuzi. Makosa huanzia kwenye volti. Gari dogo lina 12, lori na basi lina 24, na kamera ya 12 ikifungwa kwenye lori huungua siku hiyo hiyo. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinapewa volti 6 tu na redio yake. Hapa pana kisa kinachojirudia nchini kote: gari linatoka Japani na redio inayokomea masafa ya 90, mwenye gari hapati stesheni anazozitaka, anang’oa redio na kuweka ya skrini kubwa. Kamera inabaki mkiani bila pa kutuma picha. Fundi akiiunganisha moja kwa moja na taa ya rivasi, volti 12 zinaimaliza. Mji wowote una magari yenye jicho zima lililopofushwa namna hiyo.

Urefu wa gari ni shida nyingine. Picha ya kamera za kawaida husafiri kwenye waya ikiwa na nguvu ya volti moja tu, na kwenye gari la mita 8 au 10 waya usio na ngao hukusanya kelele za alteneta hadi skrini ikajaa michirizi. Wengine hukimbilia kamera zisizo na waya. Nazo hazina ubaya, ila zile za kidijitali huchelewesha picha kidogo. Ikichelewa sehemu ya tano ya sekunde, gari linalorudi kwa kilomita 5 kwa saa limeshasogea sentimita 28 kabla hujaona. Kwa gari refu ningechagua waya mzuri, ulioviringishiwa raba kila unapopenya bati, maana mitetemo ya barabara ya vumbi hugeuza ukingo wa tundu kuwa kisu. Na ukuta wa gari-nyumba mara nyingi ni fiba iliyojazwa povu: tundu lisilozibwa vizuri litaingiza maji ya masika, na ukuta utaoza kimya kimya. Waya ushuke kama kitanzi kabla ya kupanda kuingia ndani, tone la mvua lidondoke hapo.

Usiku? Chipu ya silikoni huona mwanga ambao jicho letu halioni. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza; kwenye simu nyingi utaona taa ya zambarau ambayo kwa macho haipo. Kamera zenye vijitaa hivyo pembeni ya lenzi huona gizani kwa rangi nyeusi na nyeupe. Buibui nao hupenda kusuka hapo, na uzi mmoja ukimulikwa kwa karibu hugeuka kamba nene kwenye skrini.

Kwa walio nje ya gari kuna mlio. Wajapani ndio waliouanzisha mwaka 1963, na malori yao mengine hutamka kabisa: “Bakku shimasu,” yaani narudi nyuma. Kuku wa Tabora hawajui Kijapani, lakini hukimbia.

Jicho lenyewe la kamera, ukilitazama kwa karibu, si kubwa kuliko punje ya hindi. Ukiacha lami, vumbi la kilomita chache tu hulifunika lote, na kamera haitakuambia kuwa imepofuka; itakuonyesha ukungu wa kahawia, nawe utadhani ni jioni. Kwa hiyo tembea na kitambaa. Kabla ya kuingiza rivasi shuka, zunguka nyuma, futa lenzi. Na kama mna utingo, ashuke vilevile.