Nchi ya mbali kuliko zote

Mtu wa Bukavu akikuambia "niko nasafiri", usidhani anakwenda kutembea. Anakwenda kununua mali Dubai au Guangzhou, kufuata kontena Dar es Salaam, au kuketi kwenye semina Bujumbura. Akirudi huwa na hesabu yake ya nani mkubwa na nani mrefu, na mizani yake ni ya nyumbani: ziwa, vilima na daraja la mto Ruzizi. Rekodi hizi zimepimwa kwa mizani hiyo.

Iliyo karibu zaidi: Rwanda

Unavuka Ruzizi kwa miguu, uko ng'ambo. Kabla hawajakagua karatasi zako, kagua mzigo wako mwenyewe: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sashe uliyofungia mkate mpakani inageuka magendo. Nchi nzima ina kilomita za mraba 26,338. Iunganishe na Burundi, na bado hazijafika ukubwa wa jimbo letu la Kivu Kusini peke yake. Lakini kule dereva wa pikipiki ana kofia ya pili kwa ajili yako, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja. Ukiwa na miadi ya biashara saa hizo, nenda na jembe.

Inayopokea maji yetu: Burundi

Ziwa Tanganyika ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, kilomita zipatazo 670, na linagusa nchi nne. Ukikaa jioni ufukweni Bujumbura ukisubiri samaki mukeke wa kukaanga, kumbuka kwamba sehemu ya maji hayo ilipita chini ya daraja letu. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, inateremka karibu mita 700, inaingia Tanganyika kando ya mji huo. Imefika bila viza.

Inayopima Kiswahili zaidi: Tanzania

Kwetu "jambo" ni salamu kamili: jambo mama, jambo papa, na mazungumzo yanaendelea. Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, ukisema "jambo", vichwa vinageuka kutafuta mtalii. Kwa mtu mzima ni "shikamoo", naye anaitika "marahaba"; ukiiruka, umeonekana huna malezi, hata kama mama yako alikulea vizuri kule Kadutu, Bukavu. Halafu unaongeza "niko natafuta vitenge", na muuzaji anatabasamu: "Kaka, wewe wa Kongo." Tangu hapo bei nayo inakuwa ya Kongo.

Wiki ya kwanza unaona aibu. Ya pili unaanza kusema "natafuta". Ukirudi Bukavu na "shikamoo" yako, wadogo zako wanakucheka: huyu ameshakuwa Mtanzania. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa Kongo, na tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tena ndio wenye eneo kubwa kuliko wote. Kariakoo hawajali eneo. Wanasikiliza ulimi.

Ndefu zaidi: Dubai

Mnara wa Burj Khalifa, uliofunguliwa Januari 2010, una mita 828. Binadamu hajajenga kitu kirefu zaidi. Wafanyabiashara wetu wengi humaliza siku zao mtaa wa Deira, kati ya maduka ya simu na ya dhahabu, bila kuusogelea. Wala hawajakosa urefu. Uso wa ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya bahari. Mama anayefua nguo ufukweni kwetu amesimama juu kuliko ncha ya mnara ule kwa zaidi ya mita 600, na hajapanda lifti.

Yenye saa kama zetu: Ethiopia

Addis Ababa ndiyo makao makuu ya nchi yaliyo juu kuliko yote Afrika, zaidi ya mita 2,300. Wengi tunaijua kwa kupita, kati ya ndege na ndege. Ukilala huko usiku mmoja utasikia saa zikihesabiwa kama kwa bibi yako: jua limetoka, saa moja. Tiketi ya ndege ndiyo inayotumia saa za kizungu, basi uliza mara mbili. Mwaka wao una miezi 13, na mwaka wao wa elfu mbili waliusherehekea Septemba 2007. Unashuka kwenye ndege ukiwa umepungua miaka saba.

Yenye soko kubwa zaidi: Uchina

Maonyesho ya Guangzhou yalianza 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli. Uchina nzima hakuna makubwa kuliko hayo. Unatembea mpaka viatu vinalalamika, na bado hujamaliza jengo moja. Wao wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo mkeo akimaliza chakula cha jioni na kutaka kukueleza habari za watoto, kwako ni usiku wa manane.

Ya mbali kuliko zote: Kongo

Kwa mstari wa ndege, Dar es Salaam iko karibu na Bukavu kuliko Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, sokoni wanaongea Lingala, na barabara ya kuaminika ya kukufikisha huko haipo. Ilibaki ndege. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, ndege za uwanja wetu wa Kavumu nazo zikasimama. Mwenye kazi Kinshasa akachukua paspoti, akavuka Ruzizi, akazunguka kwa nchi za watu mpaka uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa.

Pale dirishani swali ni lile lile la kila mpaka: unatoka wapi? Na yeye, mwenye mihuri miwili mitatu ya kigeni ya juma lile lile, hana jibu lingine ila moja: Kongo.